Manowari ya kubeba ndege: ukielewa sitaha umeelewa kwa nini mfua nguo haoni jua

Siku za mbalamwezi hapa Kigoma wavuvi wa dagaa hawatoki, taa zao zinashindana na mwezi na dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo vijana wa Kibirizi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu, wanacheza bao, na jioni wanajazana kwenye banda la video. Wiki moja mpira haukuwepo, mwenye banda akaweka dokumentari ya Kimarekani ndefu hatari, vipande kumi vya saa moja moja, ilipigwa ndani ya manowari ya USS Nimitz mwaka 2005 ilipotoka San Diego mpaka Ghuba ya Uajemi na kurudi, miezi sita majini, na televisheni ya PBS ikaja kuionyesha 2008. Haikuwa imetafsiriwa. Mi mwenye Kiingereza cha kuunga unga nikageuzwa mkalimani bila malipo, na maswali niliyoulizwa humo ndani ndo yamenifanya niandike hii, maana nilijibu mengine hovyo hovyo na yalinikaa rohoni.

Watu walikuja kuona ndege zinaruka. Sasa saa zima linapita unamuona dogo anakunja mashuka, binti anapanga foleni ya simu, jamaa anakaanga mayai mia tatu, mwingine analia kitandani kaachwa na mchumba. Kijana mmoja akapiga kelele, "Hii ni movi ya vita au ya hosteli?" Kwenye kona alikuwa amekaa mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye meli za ziwa hili miaka mingi, akasema, "Tulieni wajukuu zangu, hiyo ndo meli yenyewe." Mi nakubaliana na mzee ila naongeza kitu: hao wanaokunja mashuka na zile ndege ni kitu kimoja, na kinachowaunganisha ni sitaha, yaani ile sakafu ya juu ya meli. Sitaha ndo inapanga ratiba ya mpaka mfua nguo wa ghorofa za chini ambaye hajaona jua wiki mbili.

Tuanze na ukubwa maana ndo watu wanapopotea. Nimitz ina urefu wa mita 333 hivi. Liemba yetu, ile meli ya Ziwa Tanganyika, ina mita 71 na kidogo, kwa hiyo zipange Liemba tano mkia kwa kichwa ndo unaikaribia. Upana wa sitaha unafika mita 76. Uzito ni kama tani 100,000. Watu humo ndani wanapita 5,000, kuna hospitali, kinyozi, kanisa, duka, jela ndogo, posta. Unasema basi nafasi ipo ya kumwaga! Haipo. Meli inabeba ndege 60 na zaidi, na uwanja wa ndege wa nchi kavu una sehemu ya kutua huku, maegesho kule, gereji pale, mafuta upande mwingine. Hawa hayo yote wameyabananisha kwenye sakafu moja. Nyuma ndo pa kutua, kwa hiyo ukiegesha ndege nyuma hakuna anayetua. Ukiegesha mbele umeziba sehemu ya kurukia. Gereji iko chini ya sitaha, ndege zinapanda na kushuka kwa lifti nne kubwa pembeni mwa meli, lakini gereji haizimezi zote.

Wa Kibirizi walielewa haraka nilivyowaambia ni kama mwalo siku ya samaki wengi. Mtumbwi uliofika wa kwanza umebanwa na waliofika baadaye, na yeye ndo anatakiwa atoke wa kwanza. Tofauti ni kwamba mwaloni unaweza kumtukana jirani mkasogezana taratibu. Kule waliopo angani mafuta yanaisha, hakuna cha subiri kidogo.

Kwa hiyo wanafanyaje? Wanakwenda kwa mizunguko. Wanaanza kurusha kundi moja, sitaha inafunguka, kundi lililokuwa angani linakuja kutua pale palipofunguka, kila inayotua inasukumwa mbele haraka maana nyingine iko nyuma yake sekunde chache tu, wote wakishatua ndege zinapangwa upya, zinajazwa mafuta, zinafungwa silaha, mbovu inashushwa gereji, na mzunguko mwingine unaanza. Mzunguko mmoja ni kama saa moja na kitu, na siku ya kazi inaweza kwenda masaa 12 au kupita. Kila mtu kwenye meli anaishi ndani ya huo mdundo. Mpishi anajua kundi gani litakuja kula usiku wa manane, fundi anajua ana dakika ngapi, na vyumba vya kulala vilivyo moja kwa moja chini ya sitaha wanajifunza kulala huku mitambo inagonga juu ya vichwa vyao.

Kitu kilichofurahisha banda zima ni meza. Kuna kachumba pale chini ya ule mnara uliosimama pembeni mwa sitaha, ndani kuna meza imechongwa kwa umbo la sitaha, juu yake vibao vidogo vya umbo la ndege, na jamaa anavisogeza kwa mkono kila ndege ya kweli inaposogezwa nje. Juu ya vibao wanaweka vitu kama nati na pini kuonyesha hali, hii inataka mafuta, hii mbovu. Mabilioni yote yale ya dola, rada za kila aina, halafu maegesho yanapangwa na mtu na meza na nati. "Bao hilo," akasema mzee, "na ukikosea kete moja umefungwa wote." Sina la kuongeza hapo.

Kwenye sitaha kelele ni kali, husikii hata ukipigiwa kelele sikioni, kwa hiyo watu wanatambuana kwa rangi za jezi na wanaongea kwa mikono. Njano ndo wanaoelekeza ndege, huyo akikuambia simama unasimama hata kama we ni rubani mwenye nyota begani. Bluu wanasukuma, wanafunga minyororo, wanaendesha trekta na lifti. Zambarau mafuta. Nyekundu mabomu na wazima moto. Kijani ni mafundi na wale wa mitambo ya kurushia na kunasia. Kahawia ni kijana mwenye dhamana ya ndege moja, anaiangalia kama mama na mtoto. Nyeupe ni usalama na madaktari. Na wengi wao ni watoto kabisa, miaka 19, 20, ndo kitu kilichonishangaza kuliko bunduki zote. Umri wa wale wanaopita JKT kwa mujibu wa sheria pale kambi ya Bulombora, huku mwenzao kapewa ndege ya mamilioni ya dola aisimamie.

Halafu asubuhi kabla ya kazi mamia ya watu wanajipanga mstari kutoka upande huu mpaka ule, wanatembea taratibu macho chini. Vijana wakadhani ni sala. Hapana, wanaokota. Skrubu, kipande cha waya, kijiwe, chochote. Injini ya ndege inavuta hewa kama shetani na skrubu moja ikiingia imeharibu injini nzima.

Sasa kuruka. Watu wengi wanadhani ndege inakimbia kwenye sitaha mpaka inapaa. Umbali hautoshi. Inarushwa kwa manati, sitanii, ni manati ya mvuke. Chini ya sakafu kuna mabomba marefu yenye pistoni, mvuke unasukuma, pistoni imeshika gurudumu la mbele la ndege, na ndani ya sekunde mbili hivi imefika kilomita 265 kwa saa ndani ya mita 90 na kitu. Nimitz ina manati nne. Meli mpya zaidi, USS Gerald R. Ford, wameacha mvuke wanatumia sumaku ya umeme. Na kabla ya yote hayo meli nzima inageuka kuufuata upepo unakotoka na kukimbia, ili ndege ipate upepo usoni, maana bawa linapaa kwa upepo na halijali umetoka wapi. Wavuvi hili hawakuhitaji kuelezwa, mtu wa tanga na kusi anajua. Kilichowashangaza ni kwamba meli ya watu 5,000 inakatisha njia yake kila saa kwa ajili ya ndege. "Liemba haikuwahi kugeuka kwa ajili ya mtu," mzee akasema, na kweli.

Kutua ndo balaa. Ndege ina kulabu mkiani. Kwenye sitaha zimetandazwa waya nne za chuma, rubani analenga kunasa ya tatu. Anakuja na kilomita 240 kwa saa na anatakiwa asimame ndani ya sekunde mbili, kama mita mia moja. Hapa ndo palikuwa na ubishi mkubwa maana niliwatafsiria kwamba rubani akigusa sitaha anakanyaga mafuta mpaka mwisho, hapunguzi. Banda likanizomea eti natafsiri uongo. Lakini fikiria. Akikosa waya zote nne, ana meta chache tu kabla ya maji, akiwa amezima moto ameisha, akiwa na moto wote anapaa tena na kuzunguka. Kwa hiyo anafungulia moto wote kwanza, waya ikimshika vizuri ndo anapunguza. Na ndo maana njia ya kutua imekaa upande, imechepuka kama nyuzi tisa kutoka kwenye mstari wa meli, ili aliyekosa apitie pembeni asizibambe zilizoegeshwa mbele. Zamani za mwanzo sitaha ilikuwa moja kwa moja, ukikosa waya unaenda kwenye wavu wa kuzuia, na wavu ukishindwa unawavaa wenzio.

Kutua kokote kunapewa maksi. Pembeni anasimama rubani mwenzako anakuangalia, anakuongoza kwa redio, na ukishashuka anakuja kukusomea makosa yako mbele ya watu, halafu maksi zinabandikwa kwa rangi ukutani kila mtu azione. Rubani anayeogopwa angani anasimama pale kama mtoto wa darasa la nne aliyekosa hesabu. Ile sehemu ya usiku ambapo bahari imechafuka na sitaha inapanda na kushuka, ndege zinakosa zinarudi, zinakosa zinarudi, mafuta yanapungua, banda zima lilinyamaza. Waliowahi kutafuta taa ya nyumbani usiku ziwa limechafuka hawakuhitaji mkalimani pale.

Dogo mmoja akauliza nani alibuni wazimu huu. Jamaa anaitwa Eugene Ely ndo wa kwanza kutua juu ya meli, tarehe 18 Januari 1911, kule San Francisco, kwenye jukwaa la mbao walilojenga juu ya manowari, na breki zake zilikuwa kamba zilizofungwa mifuko ya mchanga pande mbili. Wazo ni lilelile mpaka leo, wamebadilisha kamba tu.

Na hapa niseme kitu ambacho watu wa Kigoma wenyewe wengi hawakijui. Ndege za vita na maji si habari ya mbali kwetu. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege za kuelea upande wa Kongo wa ziwa hili, wakawa wanavuka kuja kupiga mabomu bandari ya Kigoma, wakiitafuta meli ya Mjerumani Graf von Götzen, ambayo Wajerumani wenyewe walikuja kuizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiibua, na toka 1927 tunaiita Liemba. Zile ndege zilikuwa na maboya badala ya magurudumu, zinatua kwenye maji. Shida yake ni mbili, maboya ni mazito, na mawimbi yakiwepo huruki wala hutui. Ziwa likichafuka vita inasubiri. Ukishaelewa hiyo shida unaona kwa nini wenye pesa waliamua kubeba uwanja wao wenyewe, tena uwanja ambao huombi ruksa ya nchi yoyote, unasimama bahari huru na kurusha. Hiyo ndo sababu ya kisiasa ya meli nzima, hayo mengine ni mbinu.

Kuhusu nyuklia nitapita haraka maana watu wanaitia uchawi. Ni birika. Vinu viwili vya nyuklia vinatoa joto, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mitambo, mitambo inazungusha propela nne zinazosukuma meli na kutoa umeme. Faida ni kwamba kuni zake hazibadilishwi zaidi ya miaka 20, Nimitz ilianza kazi 1975 na ikaja kubadilishiwa 1998 mpaka 2001. Lakini usidanganyike kwamba haihitaji mafuta. Ndege zinakunywa, na meli inabeba zaidi ya lita milioni 11 za mafuta ya ndege, kwa hiyo mara kwa mara inabidi meli ya mizigo ije ubavuni, zinakwenda sambamba kwa mwendo mmoja huku zimeunganishwa kwa nyaya na mipira ya mafuta, na chakula kinapita hukohuko. Mboga mbichi na maziwa ndo vinaanza kuisha, baada ya hapo ni makopo na malalamiko.

Maji waliyacheka sana. Sisi huku unainama unachota. Wao wako juu ya maji ya chumvi, kwa hiyo wanayavukiza wenyewe, uwezo ni kama lita milioni moja na nusu kwa siku, na bado mtu anafundishwa kuoga kwa kujilowanisha, anafunga, anajisugua, anafungua anajimwagia, basi. Vitanda ni vya ghorofa tatu, godoro unaliinua kama mfuniko na chini yake ndo kabati lako, hiyo na kikabati kingine ndo mali yako yote kwa miezi sita. Milo ni karibu elfu 18 mpaka 20 kwa siku ukijumlisha wa usiku wa manane. Pombe hakuna, marufuku toka 1914, ila mkikaa siku 45 mfululizo bila kugusa bandari kila mtu anaweza kupewa bia mbili. Bia mbili kwa siku 45. Mwenye banda alinifanya nirudie mara tatu.

Wanawake wapo, kuanzia 1994 wanapangwa kwenye manowari za mapigano za Marekani, na dokumentari haifichi kwamba kuweka vijana wanaume na wanawake kwenye chuma kimoja nusu mwaka na kuwakataza mapenzi ni kazi ngumu kuliko kutua usiku.

Kitu kinachochanganya zaidi, na hata kwenye video ukisinzia kidogo umepotea, ni nani bosi. Nahodha ndo mwenye meli, na kwa sheria yao lazima awe mtu wa anga, rubani au afisa anayeruka naye, hawampi baharia mtupu. Lakini ndege si zake. Vikosi vya ndege vina kambi zao nchi kavu, safari ikianza vinaingia na watu wao karibu 2,000 na mkuu wao mwenyewe. Ni wapangaji. Wenye nyumba ni kama 3,000, wale wa injini, jikoni, dobi, na wanaona wapangaji wanapendelewa, wapangaji wanaona wenye nyumba wana gubu. Juu ya wote anakaa admirali, ambaye hii meli ni chombo kimoja tu katika msafara wake, maana manowari ya ndege haitembei peke yake, ina meli za kuilinda. Kwa hiyo ukiona mtu analalamika kwenye dokumentari, uliza kwanza ni mpangaji au mwenye nyumba, lalamiko lote linaeleweka.

Kitu kimoja kinafuta huo ukabila, nao ni moto. Mwaka 1967 kwenye USS Forrestal roketi ilifyatuka yenyewe ikagonga ndege iliyoegeshwa, mafuta yakamwagika, mabomu yakalipuka kwenye moto, wakafa watu 134, na wazima moto waliosomea walikuwa kati ya waliokufa mapema, wakabaki watu wasiojua chochote wameshika mipira. Toka hapo kila mtu kwenye jeshi la maji la Marekani anafundishwa kuzima moto. Mpishi, kinyozi, mfua nguo, wote. Huna pa kukimbilia, pembeni ni bahari.

Aliyeuliza swali bora ni mtoto wa darasa la sita aliyejipenyeza: hiyo meli inaweza kuingia Tanganyika? Kina kipo, ziwa linapita mita 1,400, upana upo, mpaka kilomita 72. Ila njia haipo, kutoka baharini huji hapa. Hata Liemba ililetwa vipande vipande ndani ya masanduku 5,000, kwa meli mpaka Dar, kwa reli mpaka huku mwisho wa reli, ikaungwa upya. Mtoto akapiga hesabu kimoyomoyo akauliza Nimitz ingekuwa masanduku mangapi. Nikamwambia akalale.

Kipande cha mwisho kilikuta banda limebaki nusu. Kabla meli haijafika nyumbani wapangaji wanaondoka, ndege zote zinarushwa zinatangulia kambini kwao, na kinachobaki ni sitaha tupu, mita 333 za upepo. Ndo unawaona watu wa chini wanapanda. Wanajipiga picha, wanakaa chini tu pale ambapo miezi yote walikuwa wanapasikia kwa juu. Gatini wakifika waliopata watoto wakiwa safarini ndo wanashushwa kwanza. Mzee akauliza yule wa mashuka yuko wapi, tukamtafuta kwenye lile kundi hatukumuona. Mwezi siku hiyo ulikuwa umeanza kuchelewa kutoka, vijana wawili wakanyanyuka kabla haijaisha, wakachukua betri zao za taa kwenye chaji ya mwenye banda, wakashuka mwaloni.